Ugonjwa wa Umio Uliojificha Nyuma ya Kiungulia

Seli zinazojaa kwenye umio katika ugonjwa huu zilijulikana zamani. Mwaka 1879 Mjerumani Paul Ehrlich alizitofautisha na seli nyingine nyeupe za damu kwa sababu hunywa rangi ya eosini zikageuka nyekundu, ndipo zikaitwa eosinofili. Huongezeka mtu akiwa na minyoo, pumu au mzio. Kwenye utando wa umio wenye afya hazikai kabisa.

Mwaka 1982 Harland Winter na wenzake, huko Marekani, walichunguza vipande vya umio vya watoto, wakakuta eosinofili. Wakaandika kwamba ni dalili ya asidi inayopanda kutoka tumboni. Kwa watoto wale, waliokuwa na seli chache tu, neno hilo lilikuwa na msingi. Kilichotuumiza mimi na wagonjwa wengine wengi ni kwamba liliendelea kutumika hata pale seli zilipokuwa zimejaa tele. Hadubini ilionyesha ugonjwa mmoja, cheti kikaandikwa mwingine.

Ikapita zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1993 Stephen Attwood na wenzake walieleza habari za watu wazima 12 waliokuwa wakikwamwa na chakula, ilhali asidi yao ilipopimwa, karibu wote hawakuwa na tatizo. Mwaka 1994 Alex Straumann wa Uswisi akaeleza wagonjwa 10, ila kwa Kijerumani, katika jarida la nchini kwake.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Baltimore, Marekani, 1995. Watoto 10 waliokuwa wakitibiwa kama wagonjwa wa asidi waliachishwa chakula cha kawaida, wakapewa maziwa maalumu yaliyotengenezwa kwa amino asidi tupu. Wanane walipona dalili zote, wawili wakapata nafuu. Hapo ikajulikana kuwa adui yumo sahanini: maziwa ya ng'ombe, ngano, mayai na vinginevyo.

Habari hizo hazikunifikia mapema. Nilimeza dawa za kupunguza asidi mwaka baada ya mwaka. Nilipopigwa kamera ya kuchunguza umio mara ya kwanza, niliambiwa uko sawa, na hakuna kipande kilichokatwa ili kipimwe. Nyumbani nilikuwa nimeshajifunza kula kwa namna yangu: ugali kwa mchuzi mwingi, nyama vipande vidogo, mihogo ya kukaanga marufuku, kikombe cha maji mkononi, na wa mwisho kunawa. Mama mkwe alinisifu kwa kula taratibu. Daktari alikuwa akiniuliza, "Unameza vizuri?" Hakuna aliyeniuliza ninakulaje, na naamini swali hilo moja lingefupisha safari yangu.

Kuchelewa huku kuna gharama inayopimika. Mwaka 2013 Alain Schoepfer na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 200 wa Uswisi: nusu yao walikuwa wameishi na dalili kwa miaka 6 au zaidi kabla ya kuambiwa wanaumwa nini. Kati ya waliogunduliwa ndani ya miaka 2, asilimia 17 hivi umio wao ulikuwa umebana kwa makovu. Kati ya waliosubiri zaidi ya miaka 20, idadi hiyo ilifika asilimia 71.

Mwongozo wa kwanza wa pamoja wa kuutambua ugonjwa huu ulitoka mwaka 2007, ukaweka kipimo cha eosinofili 15 katika eneo moja la hadubini. Bado ulidai asidi iondolewe kwanza kwenye orodha ya washukiwa, mara nyingi kwa kumjaribu mgonjwa kwa dawa za kupunguza asidi. Sharti la jaribio hilo liliondolewa na wataalamu wa kimataifa mwaka 2018.

Ewe unayeshushia kila tonge kwa maji, au ambaye mwanao hutafuna nyama mpaka wenzake wamenawa: mwambie daktari jinsi mnavyokula. Na mkipigwa kamera, ombeni vipande visivyopungua sita, kutoka sehemu tofauti za umio, hata ukionekana mzima.