Nani Anashikamana na Nani? Vikundi vya Wanyonge na Pengo la Kipato

Tangu 2018, sheria inazitaka halmashauri za Tanzania Bara kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Sera hiyo imejengwa juu ya imani kwamba maskini wakishikamana watajikwamua. Imani hiyo ina ukweli, lakini ukweli wake haufiki kwenye pengo la kipato.

Kwamba wanyonge husaidiana, hakuna anayebisha. Ubishi uko kwenye matokeo. Watetezi wa VICOBA, yaani vikundi vya kijiji vya kuweka na kukopa, hupenda kumtaja mama aliyeanza na genge akaishia kujenga nyumba. Wale waliobaki na genge hawatajwi. Mchumi Dean Karlan na wenzake (2017) walipovipima vikundi vya aina hiyo nchini Ghana, Malawi na Uganda, walikuta biashara za kaya zimeinuka na sauti ya wanawake imepanda. Wastani wa matumizi ya kaya haukubadilika.

Kijiji cha Nyakatoke, mkoani Kagera, kinasaidia kueleza sababu. Mwaka 2000 mtafiti Joachim De Weerdt alizifikia kaya zote 119 na kuwauliza watu wazima wanamtegemea nani wakiwa na shida, na nani anawategemea wao. Majibu yalifuata udugu, ukoo, dini na ujirani. Baadaye yeye na mchumi Stefan Dercon walionyesha kwamba mtu akiugua, chakula cha kaya yake kililindwa. Mahitaji mengine hayakupata kinga kamili. Na kaya maskini ndizo zilizokuwa na watu wachache zaidi wa kuwategemea. Yaani mwenye haja kubwa ndiye mwenye milango michache ya kubisha! Tena kuna majanga yasiyochagua: mnyauko wa migomba, ulioingia Kagera katikati ya miaka ya 2000, hushambulia shamba la mkopaji na la mkopeshaji kwa pamoja.

Mshikamano unaopunguza pengo lazima uvuke tabaka. Rwanda ilijaribu mwaka 2011: mchango wa bima ya afya ya jamii, uliokuwa faranga 1,000 kwa kila mtu, ukawa 2,000, 3,000 au 7,000 kulingana na uwezo, na wa maskini kabisa ukalipiwa. Wapo wanaosema lazima ya serikali huua moyo wa kujitolea. Hoja hiyo inasahau kwamba hata vyama vya kuzikana hutoza faini. Malalamiko kuhusu upangaji wa kaya katika madaraja ya uwezo ni mazito zaidi, lakini yanadai upangaji bora, si mchango sawa kwa wasio sawa.

Kwa kipimo hicho cha kuvuka tabaka, asilimia 10 ya halmashauri ina kasoro ndani ya hesabu yake. Fungu likitokana na mapato ya halmashauri yenyewe, jiji lenye bandari na viwanda hukopesha mabilioni, na wilaya inayotegemea ushuru wa mazao hukopesha kidogo pale penye umaskini mwingi. Sehemu ya fungu hilo ikiingia kwenye mfuko wa taifa na kugawanywa kwa kiwango cha umaskini, huenda vikundi vya wilaya hizo vikapata mtaji usiotoka mifukoni mwa maskini wenzao.