Watu wa Mkalama Wanaopiga Mluzi, Ndege Anakuja Kuwaonyesha Asali

Mtajie mtu wa mjini Singida, atawaza vitu viwili: kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti. Nduguti ndo kabisa, wengi hawajawahi hata kuisikia. Ni makao makuu ya wilaya ya Mkalama, iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Wilaya changa, ila uchanga wenyewe ni wa kwenye makaratasi tu. Jina Mkalama lilishachapishwa Ujerumani mwaka 1912, pale mwanajiografia Erich Obst alipoandika safari yake "kutoka Mkalama hadi nchi ya Wakindiga".

Wakindiga ni jina walilopewa na wengine. Wenyewe wanajiita Wahadzabe.

Obst jina lake lipo hadi leo. Wale aliowakuta porini, waliojua kila mbuyu na kila mgunga, wametajwa kwa mkupuo kama kabila. Stori hii inawahusu hao wasio na majina, maana kuna kazi wameifanya kwa vizazi na vizazi na ni wachache walioiita kazi.

Wahadzabe wanaishi kuzunguka bonde la ziwa Eyasi, na baadhi yao wako ndani ya Mkalama, upande wa Munguli. Kwa jumla ni watu elfu moja na kidogo tu. Hawana desturi ya kulima wala kufuga. Wakoloni waliwaona kama watu wasio na kitu, na hata baada ya Uhuru serikali ilijaribu zaidi ya mara moja kuwatoa porini wakakae kijijini walime. Wengi walirudi walikotoka. Wazo lilikuwa kwamba pori ni pori tu, limekaa bure linasubiri jembe.

Kumbe pori lile lilikuwa na utaratibu wake, na mhusika mkuu ni ndege.

Ndege wa asali ni mdogo, wa rangi ya kawaida, ukimuona huwezi hata kumpiga picha ya kuposti. Yeye anapenda nta. Shida ni kwamba nyuki wakali, na kiota chao kiko ndani ya shimo la mti. Binadamu ana moto, moshi na shoka, ila hajui kiota kiko wapi. Basi wakapatana. Mhadzabe anapiga mluzi, ndege anaitikia kwa kelele zake, anaruka mti hadi mti, na jamaa anafuata nyuma mpaka penye asali. Kama kiota kiko juu kwenye mbuyu, anapigilia vigingi vya mti kwenye shina, anapanda kama ngazi.

Mwaka 2014 watafiti walichapisha hesabu zao. Wahadzabe wakisaidiwa na ndege, kasi ya kupata viota vya nyuki inapanda kwa asilimia 560. Na kati ya asilimia 8 na 10 ya chakula chao chote inapatikana kwa msaada wa huyo ndege. Utafiti huohuo ulikuta kwamba wakati mwingine wanaificha au kuichoma ile nta makusudi, ndege abaki na njaa aendelee kuonyesha viota vingine. Yaani kazi kafanya, malipo kazungushwa! Mjini tunawajua mabosi wa hivyo.

Sasa sehemu ya maajabu. Ndege huyu hatagi kwenye kiota chake. Anataga kwenye viota vya ndege wengine halafu anasepa, na kifaranga akitoka kwenye yai anawaua watoto wa mwenye nyumba. Kwa hiyo hana mama wala baba wa kumfundisha kushirikiana na watu. Tena kila sehemu ina mwito wake. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya watafiti waliopeleka sauti mbili Tanzania: mluzi wa Wahadzabe na mwito wa Wayao wa Msumbiji. Ndege wa huku waliitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko ule wa kigeni. Kule Msumbiji ikawa kinyume chake, wakapendelea wa Wayao. Maana yake ndege anajifunza sauti ya watu wa eneo lake. Watu wakiacha kupiga mluzi, kizazi cha ndege kinachofuata hakitakuwa na cha kujifunza.

Na mluzi bila miti ni kelele tu. Nyuki anahitaji shimo la kuishi na maua ya kula mwaka mzima. Hapa ndipo miti ya asili inapoacha kuwa pambo. Singida ina msimu mmoja wa mvua. Alizeti inachanua wiki chache, inakauka, inavunwa. Miezi inayobaki nyuki anakula nini? Migunga na miti mingine ya asili, mingi ikichanua mwishoni mwa kiangazi kabla mvua haijaanza, wakati shambani hakuna hata ua moja. Mbuyu nao unafungua maua yake jioni, popo wanakuja usiku kunywa na kubeba chavua, kesho yake ua linaanguka. Mkulima wa alizeti anayekata mgunga wa mwisho shambani kwake anamfukuza kibarua asiyelipwa, kwa sababu alizeti ikitembelewa na nyuki inajaza mbegu vizuri zaidi.

Majirani wa Shinyanga walishapita njia hiyo na iliwauma. Enzi za Mwingereza, kuanzia miaka ya 1920, pori lilifyekwa kumfukuza mbung'o. Pamba ikaja na kufyeka zaidi, mifugo ikaongezeka, na kufika miaka ya 1980 sehemu kubwa ilikuwa vumbi tupu. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu HASHI. Mwanzoni ulisukuma sana miche ya kigeni, ila wanakijiji wengi walikuwa na lao: ngitili. Ni desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho lipumzike. Ukilifunga, visiki na mbegu vilivyokuwa ardhini vinaamka vyenyewe. Kutoka hekta 600 hivi mwaka ule, ngitili zilifika zaidi ya hekta 300,000, na mwaka 2002 mradi ukapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Tuzo ilienda kwa mradi. Wazee waliokataa kusahau ngitili, majina yao yako vijijini kwao tu.

Wahadzabe wa Yaeda Chini, upande wa Mbulu, walipata hati ya kimila ya ardhi yao kwa pamoja mwaka 2011. Lakini pori halijui mpaka wa wilaya, na mji unaokua unakula miti. Matofali yanataka kuni, jiko linataka mkaa, ofisi mpya zinataka mbao.

Halafu ukimaliza kujenga unapanda nini getini? Miashoki, imesimama mstari kama askari. Asili yake India. Mwarobaini je, ambao kila mtu anadhani ni wa bibi yake? Nao ulitoka Asia. Jakaranda ni ya Amerika Kusini. Mgunga uliokuwepo kwenye kiwanja fundi aliung'oa siku ya kwanza ili tripu ya mchanga ipite, na kwenye tundu lake walikuwemo nyuki, wakachomwa moto kabla ya saa nne asubuhi.