Tabora 1958: Kura Tatu zilivyotaka kuivunja TANU

JANUARI mwaka 1958 wajumbe wa chama cha Tanganyika African National Union (TANU) walikusanyika mjini Tabora kwa mkutano mkuu wa mwaka wakiwa wamegawanyika. Juu ya lengo hawakuwa na ugomvi, kwani kila mmoja wao alitaka uhuru. Waligawanyika juu ya swali ambalo vyama vya siasa vya Afrika Mashariki vinaendelea kuulizana hadi leo: je, ni sahihi kuingia katika uchaguzi ambao kanuni zake zimetungwa na mpinzani wako, tena kwa manufaa yake?

Uamuzi uliofikiwa katika mkutano huo unajulikana katika historia ya chama kwa jina la Uamuzi wa Busara. Hutajwa mara kwa mara katika hotuba za majukwaani, lakini kwa sentensi moja tu, kana kwamba wajumbe waliketi, wakanywa chai na kukubaliana. Haikuwa hivyo. Chama kilichokuwa na umri wa miaka mitatu na nusu kilikaribia kupasuka, na kipande chake kimoja kilimeguka kweli.

Kiini cha mgogoro

Serikali ya Gavana Edward Twining ilikuwa imeandaa uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa utaratibu uliokuja kuitwa Kura Tatu. Kila jimbo la uchaguzi lilikuwa na viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia na kimoja cha Mzungu. Mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja kutoka kila rangi. Aliyemchagua Mwafrika peke yake, kura yake iliharibika.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 1957, Waafrika wa Tanganyika walikuwa zaidi ya milioni nane na nusu, na Wazungu walikuwa kama 20,000 tu. Hata hivyo, rangi zote zilipewa idadi sawa ya viti. Aidha, haki ya kupiga kura ilifungwa kwa masharti ya elimu, kipato au wadhifa, masharti ambayo mkulima wa kawaida wa Nzega au Sikonge hakuweza kuyatimiza. Kilichonufaika na mpango huo ni chama cha United Tanganyika Party (UTP), kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za serikali ili kuipunguza nguvu TANU.

Waliotaka uchaguzi ususiwe walikuwa na hoja nzito. Zuberi Mtemvu, mmoja wa watendaji wa mwanzo wa chama, na wenzake waliona kwamba kushiriki kungekuwa kuubariki ubaguzi wa rangi ambao TANU ilikuwa ikiulaani tangu kuasisiwa kwake Julai 7, 1954. Vilevile, Julius Nyerere mwenyewe, rais wa chama, alikuwa amejiuzulu kiti chake cha kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria Desemba 1957, mwezi mmoja tu kabla ya mkutano, kwa sababu serikali haikutaka kusikiliza madai ya TANU. Mjumbe aliyefika Tabora akiwa na msimamo wa kususia angeweza kusema bila kosa kwamba alikuwa akifuata nyayo za kiongozi wake.

Ndiyo maana kazi ya Nyerere ilikuwa ngumu. Alitakiwa kuwashawishi watu waliokuwa na hasira ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameichochea, na kuwaeleza kwamba hasira hiyo, ingawa ya haki, ingewaachia UTP Baraza zima bila jasho. TANU ikisusia, alisema, serikali ingepata wawakilishi wake na kudai kwamba ndio sauti ya nchi. Mjadala ulichukua siku kadhaa na maneno makali yalisemwa. Mwishoni wengi walikubali kuingia katika uchaguzi huku wakiendelea kuupinga utaratibu wake.

Mji wenye kumbukumbu

Mkutano huo ulifanyika katika mji uliokuwa na kumbukumbu zake wenyewe za mafarakano. Katika karne ya 19 Tabora, ambayo wasafiri wa zamani waliiita Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara. Bidhaa kutoka Bagamoyo zilifika hapo baada ya safari ya miezi miwili hadi mitatu, kisha njia zikagawanyika: moja ikaelekea Ujiji na Kongo, nyingine Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu na watumwa walirudi kwa njia hiyohiyo.

Kuanzia mwaka 1860 hivi utawala wa Unyanyembe uligawanyika kwa ugomvi wa kiti cha utemi kati ya Mnywa Sele, aliyetaka kuwatoza wafanyabiashara Waarabu ushuru, na Mkasiwa, aliyeungwa mkono na Waarabu hao. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo akaingia vitani dhidi ya Unyanyembe na Waarabu wake, na njia ya Ujiji ikafungwa. Mwandishi Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliingia katika vita hivyo upande wa Waarabu, wakashindwa, na ikambidi azunguke mbali upande wa kusini ili afike Ujiji. Uhasama uliendelea kwa miaka. Wajerumani walipomshambulia Mtemi Isike wa Unyanyembe mwaka 1893, hapakuwa na Unyamwezi mmoja wa kuwakabili.

Njia hiyohiyo, hata hivyo, ilizaa dawa yake. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita katika nchi za watu wengine mwaka hadi mwaka walijenga utani na makabila kadhaa ya njiani na ya pwani, wakiwamo Wazaramo. Mtani huruhusiwa kumtolea mwenzake maneno ambayo yakitoka kwa mtu mwingine yangeleta ngumi. Mtani huyohuyo, ukifika msiba, hushika kazi. Mtu aliyezoea siasa za siku hizi, ambako neno moja la mzaha hupelekwa polisi, huenda akauona utani kuwa jambo la vichekesho tu. Kwa watu wa misafara ulikuwa njia ya kumpa mgeni, na wakati mwingine adui wa jana, ruhusa ya kusema.

Sheria iliyowageukia watunzi

Baada ya Tabora, TANU ilifanya jambo ambalo serikali haikulitarajia. Uanachama wake ulikuwa bado wa Waafrika pekee, lakini kwa kuwa kila mpiga kura alilazimika kuchagua pia Mwasia na Mzungu, chama kiliamua kuwaunga mkono wagombea wa rangi hizo waliokubaliana na madai ya uhuru. Awamu ya kwanza ya uchaguzi ilifanyika Septemba 1958, Jimbo la Magharibi lenye makao yake Tabora likiwamo. Ya pili ikafuata Februari 1959. Wagombea waliobebwa na TANU walishinda, na UTP ikatoweka. Miongoni mwa walioingia Barazani kwa njia hiyo ni Derek Bryceson, Mzungu, na Sophia Mustafa, mama mwenye asili ya Kiasia, wote wa Jimbo la Kaskazini.

Hapa ndipo penye fundisho ambalo hotuba za majukwaani huliruka. Kura Tatu zilibuniwa ili kuwatenganisha watu kwa rangi, lakini zilimlazimu mgombea Mzungu kuomba kura kwa Waafrika, na Mwafrika kuwajua Wahindi na Wazungu aliotaka kuwapigia kura. Mgombea aliyekuwa na watu wake peke yao hakufika popote. Nchi nyingine zimeandika wazo la aina hiyo katika sheria kwa makusudi: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtaka mshindi wa urais apate, pamoja na zaidi ya nusu ya kura zote, angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Zanzibar nayo, baada ya umwagaji damu wa Januari 2001 na miafaka iliyovunjika, iliamua kwa kura ya maoni ya Julai 31, 2010 kuunda Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Hakuna utaratibu kati ya hiyo uliomaliza uhasama. Ulichofanya ni kumfanya mwanasiasa amhitaji mtu asiye wa upande wake.

Mlango uliofungwa

Itakuwa kosa kuieleza Tabora ya 1958 kama hadithi ya ushindi mtupu. Mwaka 1965 Tanzania ilifanywa kisheria kuwa nchi ya chama kimoja, na watu wenye fikra tofauti hawakuwa tena na pa kwenda. Chifu Abdallah Fundikira, Mtemi wa Unyanyembe na mmoja wa mawaziri wa kwanza wa Tanganyika huru, alikuwa amejiuzulu uwaziri tangu mwaka 1963. Mwaka 1991 mzee huyohuyo wa Tabora ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kudai mageuzi ya katiba iliyojulikana kama NCCR. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipokusanya maoni, karibu watu wanne kati ya watano walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ilishauri vyama vingi viruhusiwe kwa sababu ya yule wa tano, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Mkoa wa Tabora ulionja ladha ya vyama vingi kwa ukali wake katika uchaguzi mdogo wa Igunga, Oktoba 2, 2011, baada ya Rostam Aziz kujiuzulu ubunge. Kampeni za CCM, CHADEMA na CUF zilitawaliwa na helikopta, vurugu na tuhuma. Dk. Peter Kafumu wa CCM alitangazwa mshindi, Mahakama Kuu ikatengua matokeo mwaka 2012, kisha Mahakama ya Rufani ikamrejesha. Ugomvi ulikuwa mkubwa, lakini ulimalizikia mahakamani.

Mwaka 2025 swali la Tabora lilirudi kwa sura nyingine. CHADEMA iligawanyika ndani yake juu ya msimamo wa kutoshiriki uchaguzi bila mageuzi. Baadhi ya viongozi walioupinga, waliojulikana kama G55, waliondoka na kuhamia CHAUMMA. Mwenyekiti wa CHADEMA, Tundu Lissu, alishtakiwa kwa uhaini, na chama chake kikaondolewa katika uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Mgombea urais wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, aliyetaka kushiriki, naye alienguliwa. Uchaguzi wa Oktoba 29 ulifuatiwa na maandamano, vifo ambavyo idadi yake inabishaniwa, na kuzimwa kwa intaneti. Rais Samia Suluhu Hassan akatangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 97. Mwezi uliofuata iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Wapo wanaoitumia Tabora kuwalaumu waliosusia. Ulinganisho huo unachechemea. Wajumbe wa mwaka 1958 walipoamua kushiriki, walijua kwamba majina ya wagombea wao yangekuwa kwenye karatasi ya kura na kwamba kura zingehesabiwa, hata kama kanuni zilikuwa mbovu.

Mtemvu naye hakukubali kushindwa. Alitoka TANU mwaka huohuo wa 1958 na kuunda chama chake, African National Congress, kilichosema wazi kwamba Afrika ni ya Waafrika peke yao. Alizunguka na hoja hiyo. Novemba 1962 alisimama dhidi ya Nyerere katika uchaguzi wa kwanza wa urais wa Tanganyika. Nyerere alipata kura zaidi ya milioni 1.1. Mtemvu alipata elfu 21 na ushei, zikahesabiwa na kutangazwa, na baadaye akarejea TANU.