Jinsi ya kuunda kifaa cha bei nafuu cha majaribio ya kemia ya umeme

MWANAFUNZI wa sekondari mjini Kitale au Bungoma hufundishwa kwamba umeme huweza kuhamisha shaba kutoka bamba moja hadi jingine. Hata hivyo, shule isipokuwa na kifaa cha kudhibiti umeme, somo hilo huishia kwenye mchoro wa ubaoni.

Kifaa hicho chaweza kuundwa na fundi wa redio.

Kinachohitajika ni betri ya volti 12 kama ile ya bodaboda, fyuzi ya ampea 1, kidhibiti cha umeme aina ya LM317 na rezista 4 za omu 10 kila moja. Rezista hizo zikiunganishwa sambamba huwa na ukinzani wa omu 2.5. Kwa kuwa LM317 hudumisha volti 1.25 kwenye rezista hizo, mkondo wa umeme husalia ampea 0.5. Kidhibiti hupata moto, hivyo kifungwe kwenye kipande cha aluminiamu.

Mabamba mawili ya shaba hupigwa msasa na kupimwa uzani, kisha hutumbukizwa katika maji yaliyoyeyushwa mrututu, yaani salfeti ya shaba.

Mkondo huo ukipita kwa dakika 30, kanuni ambazo Michael Faraday wa Uingereza alizitangaza katika miaka ya 1830 huonyesha kuwa takriban gramu 0.30 za shaba zitahama. Bamba moja hupungua, jingine huongezeka. Mizani sharti isome sehemu ya mia ya gramu.

Jibu likitofautiana, mwanafunzi hutafuta sababu: je, bamba lilikuwa na unyevu, au shaba ilibanduka? Hapo ndipo anapojifunza sayansi badala ya kuikariri.

Kifaa hiki hakiwezi kupima usalama wa maji ya Mto Nzoia, unaopitia kaunti za Trans Nzoia na Bungoma. Kazi ya kutambua madini yenye sumu huhitaji potenshiostati, chombo chenye elektrodi tatu. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, Marekani, walitangaza bila malipo mchoro wa chombo hicho, CheapStat, ambacho vipuri vyake viligharimu chini ya dola 80.

Tahadhari: umeme wa ukutani usitumiwe kamwe. Aidha, mrututu ni sumu, usimwagwe mtoni.