Nani alitenda? Kauli ya kutendwa katika historia ya Ukambani

Majuzi mwanafunzi wangu wa uzamili, kijana wa Makueni, aliniletea rasimu ya sura ya pili ya tasnifu yake. Ukurasa wa kwanza tu nikakutana na sentensi hii: "Mnamo 1938 ng'ombe wa Wakamba walipunguzwa ili kuhifadhi udongo." Nikaandika pembeni: "Na nani?" Akanitazama kwa mshangao. "Lakini Prof, sarufi si iko sawa?"

Sarufi iko sawa kabisa, na hapo ndipo penye shida. Sentensi yaweza kuwa sahihi kwa kila kanuni tuliyofundishwa, na bado ikaficha jambo kubwa kuliko lile inalolisema.

Hebu tukumbushane somo lenyewe. Tukisema "askari waliwachukua ng'ombe", tumetumia kauli ya kutenda: mtenda ndiye kiima, naye anatangulia. Tukiigeuza tunapata "ng'ombe walichukuliwa na askari". Aliyetendwa amepanda ngazi akawa kiima, kitenzi kimepokea kiambishi -w-, na mtenda amesukumwa nyuma, akashikiliwa na kile kijineno "na". Wakati haukubadilika: -li- imebaki -li-. Ingekuwa -na-, -ta- au -me-, nayo ingebaki vilevile. Kwa upande wa nafsi, "nilimwona" huwa "alionwa nami". Katika mazungumzo husemwa pia "na mimi", lakini katika maandishi sanifu nami, nawe, naye, nasi, nanyi na nao ndizo zinazopendelewa.

Kiingereza humtaka mwanafunzi afanye kazi zaidi. Kiwakilishi chenyewe hubadilika umbo: "I" ya mwanzo wa sentensi huwa "me" inapokwenda mwisho, na "he" huwa "him". Wakati nao hauko ndani ya kitenzi kikuu tena, bali hubebwa na kitenzi kisaidizi: "was taken", "is being taken", "will be taken", "has been taken". Mtoto wa Kitui au Makueni anayeingia darasani na Kikamba cha nyumbani na Kiswahili cha sokoni hulazimika kuyakariri haya yote. Tulioyapitia twayakumbuka yale mazoezi ya kugeuza sentensi kumi, moja baada ya nyingine.

Jambo ambalo mazoezi hayo hayakulisema ni hili: kile kipande cha mwisho kinachomtaja mtenda kinaweza kukatwa, na sentensi isidai chochote. "Ng'ombe walichukuliwa." Nukta. Ukikata kiima katika kauli ya kutenda, msikilizaji atauliza. Ukikata mtenda katika kauli ya kutendwa, hakuna atakayeuliza. Watoto hulijua hili kabla ya kufundishwa. Mtoto aliyeangusha sahani hasemi "nimeivunja". Husema "imevunjika", eti sahani ilijiamulia yenyewe.

Turudi sasa kwenye 1938. Wakati huo Makueni ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos. Serikali ya kikoloni ilidai kwamba mifugo ya Wakamba ilikuwa imezidi na inaharibu ardhi, ikaamua kuipunguza kwa lazima. Maafisa wake walikamata ng'ombe na kuwapiga mnada kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig huko Athi River kikihitaji ng'ombe wa bei nafuu. Wakamba, waliokwisha kupokonywa malisho mengi yaliyopewa walowezi, hawakukaa kimya. Mwezi Julai mwaka huo, wanaume, wanawake na watoto kwa maelfu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kutaka kuonana na Gavana Robert Brooke-Popham, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Serikali ilimkamata Muindi Mbingu na kumpeleka Lamu, lakini hatimaye ililazimika kuachana na uuzaji ule wa lazima. Leo barabara moja katikati ya Nairobi ina jina lake.

Msomaji linganisha aya hiyo na "ng'ombe walipunguzwa ili kuhifadhi udongo". Sentensi ya mwanafunzi wangu haikusema uongo. Ilitoa sababu ya serikali ikaiacha serikali yenyewe nje. Tena kitenzi "punguza" kilimsaidia kuficha, maana aliyenyang'anywa hasemi amepunguziwa.

Kuna kosa la pili, nalo ni kumtaja mtenda asiyestahili. Sisi wa rika langu tulikariri shuleni kwamba Mlima Kenya "uligunduliwa na Krapf". Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani wa Church Missionary Society, aliuona mlima huo akiwa Kitui tarehe 3 Desemba 1849. Hilo ni kweli, na wataalamu wa jiografia wa Ulaya walimbeza kwa kudai kuna theluji karibu na ikweta. Lakini siku chache kabla ya hapo, mwenyeji wake Kivui, mfanyabiashara mashuhuri wa misafara, alikuwa amemsimulia habari za mlima huo mweupe. Hata jina aliloliandika Krapf alilisikia kwa wenyeji wake. Ukiiandika habari hii kwa kauli ya kutenda, na kila nafsi mahali pake, inakuwa: Kivui alimwambia, naye Krapf akauona, akaandika. Kitenzi "gundua" hakipati pa kukaa.

Mfano wa tatu ni wa Makueni yenyewe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ilitaka kuwahamishia huko watu kutoka sehemu zilizojaa za Machakos. Huelezwa kwamba "eneo lilifunguliwa, vichaka vilifyekwa na vifaru waliondolewa". Vitenzi vitatu, watenda sifuri. Aliyewaua vifaru ana jina: J.A. Hunter, mwindaji wa Idara ya Wanyamapori, ambaye kati ya 1944 na 1946 aliwapiga risasi karibu 1,000. Yeye mwenyewe alisimulia kazi hiyo katika kumbukumbu zake kwa nafsi ya kwanza, bila kujificha, na akajiuliza kama ilistahili. Aliyebonyeza mtambo alisema "nilifanya". Sisi tuliokuja baadaye ndio tunaomfutia kitendo chake.

Sisemi kauli ya kutendwa ni mbaya. Tunaihitaji pale mtenda hajulikani, au anapojulikana mno hata kumtaja ni kupoteza wino. Nikisema nilizaliwa Kitui, hakuna atakayeuliza na nani. Tena kauli hii humpa mwathiriwa kiti cha mbele, na mara nyingine hiyo ni haki yake. Shida ni pale tunapoifanya mazoea, tukaamini kwamba usomi ni kuandika bila watu.

Wazee wetu hawakuandika hivyo. Ukambani hakuna njaa kubwa isiyo na jina, na majina hayo ni historia tosha. Ile ya 1984 iliitwa Nĩkw'a Ngwete, yaani "nakufa nimeshika", pesa ziko mkononi lakini chakula cha kununua hakuna. Tazama sarufi yake: nafsi ya kwanza umoja, kauli ya kutenda, wakati uliopo. Anayekufa ndiye anayezungumza, na ndani ya maneno mawili amekwisha kukueleza kwamba ukame pekee haukuwa sababu, maana hata mwenye fedha hakupata pa kununua. Leo gazeti lingeandika "uhaba wa chakula ulishuhudiwa". Nani aliushuhudia? Akiwa wapi? Ameshika nini?

Haya si mambo ya zamani tu. Katiba ya 2010 inataka umma ushirikishwe katika maamuzi, na Makueni imejipatia sifa katika jambo hilo kwa mikutano yake ya kuanzia kijijini. Lakini nchini kote tunasoma taarifa zisemazo "wananchi walishirikishwa", "fidia italipwa", "maji yatasambazwa". Mwananchi aliyefunzwa sarufi vizuri anapaswa kuinua mkono na kuuliza swali dogo: na nani? Palipo na -ta- aongeze la pili: lini? Kiambishi cha wakati ujao hakina tarehe ndani yake.

Mwanafunzi wangu alirudi baada ya majuma matatu. Sentensi yake moja ilikuwa imezaa kurasa nne, kwa sababu huwezi kuandika kwa kauli ya kutenda mpaka umtafute mtenda, na kumtafuta ndiyo kazi ya utafiti. Safari hii alikuwa na wasiwasi mwingine. Ukoloni ulitawala kupitia machifu na askari Waafrika, na baadhi ya waliofika zizini kuwatoa ng'ombe walizungumza Kikamba. "Nikiandika hivyo, Prof, nyumbani watasemaje?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui watasemaje. Lakini nilimkumbusha kuwa kauli ya kutendwa iliyomficha afisa mzungu kwa miaka zaidi ya 80 ndiyo hiyo hiyo iliyomficha chifu, na hawezi kumfichua mmoja akamwacha mwenzake. Akachukua kalamu. Mbele ya kitenzi chake akaandika wa- ya watenda, kisha akaanza kuwataja.