Kilichomrudisha Msafiri Mlimani

Msafiri tajiri hutafuta nini mbali na kwao, na kitu gani humrejesha? Wengi hujibu kuwa ni raha. Habari za Hans Meyer, mtoto wa mchapaji vitabu tajiri wa Leipzig, zalikanusha jibu hilo.

Mwaka 1887 alipanda Kibo, barafu ikamzuia. Mwaka 1888 alirudi. Vita vya Abushiri vikamkuta njiani, akatekwa, akajikomboa kwa fidia, mlima asiufikie. Mwaka 1889 alikuja tena pamoja na Ludwig Purtscheller, na tarehe 6 Oktoba wakasimama kileleni. Akakipa kilele jina la Kaizari Wilhelm. Leo chaitwa Uhuru.

Sifa alikwisha kuipata. Hata hivyo, mwaka 1898 alirudi mara ya nne, akaichunguza barafu, akaona kuwa imepungua. Sifa ilimleta, kilichomrejesha ni hamu ya kuujua mlima.

Lakini mlima haujuliki bila watu wake. Mwaka 1889 kambi ya juu ililindwa na Mwini Amani wa Pangani, na Meyer aliliandika jina lake. Wapagazi wengi hawakupata bahati hiyo.

Leo wageni wenye uwezo hupita Tarakea kwenda Nale Moru, wakapanda kwa njia ya Rongai. Hema, meza na vyakula vyao hubebwa na vijana wetu. Mgeni ashukaye bila kulijua hata jina la aliyembebea maji ameiona theluji tu. Naye aliyeona theluji tu hana la kurudia.