Saa 300 za Familia ya Loud

Wengi huihesabu An American Family kuwa mzazi wa vipindi vya televisheni vya maisha halisi. Mwaka 1971 Alan Raymond, kwa kamera, na Susan Raymond, kwa chombo cha kunasia sauti, waliifuata familia ya Loud ya Santa Barbara, Marekani, kwa miezi saba. Filamu yao ilifika kama saa 300. Mwaka 1973 zilionyeshwa 12, na humo Pat Loud alimtaka mumewe aondoke nyumbani. Familia ilinung'unika kwamba mkasi ulihifadhi ugomvi ukatupa vicheko. Sahani ya video iliyotolewa mwaka 2011 ina saa 2 tu. Mtazamaji wa leo, aketiye sebuleni akidhani amefika chemchemini, hunywa maji yaliyochujwa mara mbili. Kwa sahani hiyo peke yake, shauri baina ya familia na mkasi, naona, haliamuliki.